Ng'ombe, sheli na herufi za babu: kuendesha skripti za Python ndani ya tovuti ya PHP



Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi, na mara nyingine na walimu wenzangu wa lugha waliojifunza kompyuta ukubwani kama mimi. Mtu ana tovuti yake, imeandikwa kwa PHP, inakwenda vizuri tu. Pembeni ana skripti ya Python, kaiandika mwenyewe au kapewa na mwenzake, nayo inafanya kazi fulani ambayo kwa PHP ingemtoa jasho. Je, anaweza kuiita skripti hiyo kutoka ndani ya tovuti?

Mafundi wengi wana jibu la haraka: andika yote upya kwa lugha moja. Mimi sikubaliani nao. Lakini wapo pia wanaojibu "ndiyo, tumia exec, mstari mmoja tu", na hilo nalo limewahi kunitia aibu. Aibu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, manake mtego wenyewe unatunasa sisi tunaoandika Kiswahili kuliko unavyowanasa wanaoandika Kiingereza.

Kwanza, kuchanganya lugha si uchafu. Mtandao wenyewe ulianza hivyo. Mwaka 1993 watu wa NCSA, kule Illinois, walibuni utaratibu unaoitwa CGI: seva inapokea ombi la msomaji, inaamsha programu yoyote ile, iwe ya C, ya Perl au ya sheli, inaikabidhi maelezo ya ombi, kisha inachukua kile programu ilichokitoa na kumpelekea msomaji. Seva haikujali programu imeandikwa kwa lugha gani. PHP yenyewe, alipoitangaza Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ilikuwa ni mkusanyiko wa programu za CGI zilizoandikwa kwa C. Kwa hiyo anayekwambia kuwa tovuti ya lugha mbili ni kituko, mkumbushe alikotoka.

Pili, kazi zetu za lugha zina sababu zao. Mimi nina tovuti ndogo ya kutafutia maneno ya tenzi za zamani. Kurasa ni za PHP kwa sababu seva ya bei nafuu niliyoikodi zamani ilikuwa na PHP tu, na nikaizoea. Lakini kuna kazi moja ngumu: msomaji anaweza kuleta neno jinsi lilivyoandikwa kwenye mswada, yaani kwa herufi za Kiarabu, na mashine inatakiwa ikisie ni neno gani. Waliosoma miswada hiyo wanajua taabu yake. Waandishi wengi wa zamani hawakuonyesha sauti ya *m* au *n* iliyo mbele ya konsonanti, na herufi ya *be* ilibeba mzigo wa *b*, wa *mb* na mara nyingine wa *p*. Ukikuta *be* mbili zenye fataha, unaweza kuwa na baba, papa, bamba au pamba. *E* na *i* zinagawana alama moja, *o* na *u* vilevile. Kwa hiyo skripti inazalisha visomo vyote vinavyowezekana, inavilinganisha na orodha ya maneno, kisha inaleta vile vyenye maana. Niliiandika kwa Python, nikaijaribu miaka miwili. Kuiandika upya kwa PHP ilikuwa ni kutafuta makosa mapya mahali ambapo ya zamani yalikwisha kurekebishwa.

Nikatumia mstari mmoja:

exec("python3 tafuta.py " . $neno, $majibu);

Ikafanya kazi. Nikaandika "pamba", ikaja pamba. Nikalala usingizi mzuri.

Sasa hebu tuangalie kilichomo ndani ya mstari ule. PHP haiiti Python moja kwa moja. Inaita sheli, na hapa sisemi sheli ya petroli, nasema ile programu inayosoma amri unazoandika kwenye dirisha jeusi. PHP inaikabidhi sheli mstari mzima kama maandishi, halafu sheli ndiyo inayoamua wapi amri inaishia, maneno gani yanafuata, na alama zipi zina maana maalumu. Nafasi inatenganisha maneno. Nukta mkato inamaliza amri moja na kuanza nyingine. Alama ya dola inaita jina la kitu kilichohifadhiwa. Na ritifaa, kile kialama cha juu, inafungua maandishi ambayo sheli haitayagusa mpaka ikutane na ritifaa ya pili ya kufungia.

Mnaona ninakokwenda. Wiki ya pili mtu akatafuta *ng'ombe*.

Sheli ikakuta ritifaa, ikaanza kusubiri mwenzake. Mwenzake hakuja. Ikalalamika kwamba maandishi hayakufungwa, ikakata kazi, na Python haikuamshwa kabisa. Msomaji akaambiwa: "Hakuna neno hilo." Ng'ombe hayumo katika Kiswahili! Wala ng'ambo, wala ng'oa, wala kung'ata. Kichekesho zaidi ni kwamba ukiandika maneno mawili ya aina hiyo, "ng'ambo ya ng'ombe", sheli inaridhika, kwa kuwa ritifaa zimekuwa mbili, basi inazila zote na kuipelekea skripti "ngambo ya ngombe". Mwingereza angeweza kukaa miezi bila kugundua kosa hili, mpaka aje mtu mwenye jina kama O'Neill. Sisi ritifaa imo ndani ya alfabeti yetu.

Na huyo aliyetafuta ng'ombe alikuwa mtu mwema. Asiye mwema angeandika: *pamba; cat /etc/passwd*. Sheli ingeisoma nukta mkato kama inavyosoma siku zote, ingemaliza amri ya kwanza na kutekeleza ya pili, kwa mamlaka ya seva yangu. Hapo tofauti ni moja tu: badala ya kusoma faili angeweza kufuta au kupakia kitu chake. Ng'ombe na mwizi waliingia kwa mlango uleule, na kwa kweli ng'ombe ndiye aliyenionyesha kuwa mlango uko wazi.

Msidhani kosa hili ni la wanaojifunza tu. Septemba 2014 iligunduliwa kwamba Bash, sheli inayotumika kwenye mashine nyingi sana za Linux, ilikuwa na kasoro tangu 1989: ukiweka maandishi ya namna fulani katika mazingira inayorithi, inatekeleza amri iliyofichwa mwishoni mwake. Na CGI, kama nilivyosema, hukabidhi maelezo ya ombi kwa njia ya mazingira hayohayo. Waliiita Shellshock. Mei 2016 ikaja zamu ya ImageMagick, programu ya picha inayoitwa na tovuti nyingi kutoka pembeni: picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kupenyeza amri hadi kwenye sheli. Mahali pote pawili mtu alichukua maandishi kutoka kwa mgeni akayapitisha kwa mkalimani ambaye anatii kila alama anayoikuta.

Basi nikafanya anachoshauriwa kila mtu. PHP ina kitendo kinachoitwa escapeshellarg, ambacho hulifunga neno vizuri ili sheli ilione kama neno moja lisilo na maana maalumu. Nikakiweka. Ng'ombe akarudi zizini. Nukta mkato ikawa nukta mkato tu. Hiyo ilikuwa 2017.

Miezi mingi baadaye nikapata barua pepe kutoka kwa mzee mmoja wa Lamu, kaandikiwa na mjukuu wake. Alikuwa na mswada wa nyumbani, akataka kujua neno moja asilolielewa vizuri. Aliniandikia kwa upole: "Mwanangu, neno hili marehemu babu kaliandika kwa mkono wake. Mashine yako inasema halipo. Nimejaribu na mengine sita, nayo hayapo. Labda sisi tulifundishwa vibaya."

Sentensi hiyo ya mwisho ilinichoma. Neno lenyewe nilikuwa nalijua, na kwenye orodha lilikuwemo. Nikaliandika kwa herufi za Kiarabu kwenye dirisha jeusi la mashine yangu, skripti ikalipata mara moja. Nikaliandika kwenye tovuti: "Hakuna neno hilo."

Ilinichukua siku tatu. Kumbe escapeshellarg, katika PHP ya wakati ule, ilikuwa inasoma herufi kwa kufuata mpangilio wa lugha wa mashine, na kwenye seva yangu mpangilio huo ulikuwa "C", yaani ule wa zamani kabisa unaojua ASCII tu. Herufi isiyoijua haiikatai, wala haitoi onyo. Inaidondosha. Neno la *pamba* kwa herufi za Kilatini lilipita salama. Neno la babu wa yule mzee liliingia na herufi zake zote, likatoka upande wa pili likiwa tupu, jozi ya ritifaa zisizo na kitu ndani. Skripti yangu ilipewa hewa ikatafuta hewa, ikajibu kwa uaminifu kwamba hewa haimo kwenye orodha.

Dawa ya haraka ni mstari mmoja wa setlocale unaoweka LC_CTYPE kwenye C.UTF-8 kabla ya kuita. Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikwisha kutafunwa mara mbili na sheli. Nikaamua neno la msomaji lisipite tena kwenye mstari wa amri. Kila programu ya Unix inazaliwa na milango mitatu: wa kuingizia, wa kutolea, na wa malalamiko. Neno nikalipitisha kwenye mlango wa kuingizia, likiwa ndani ya JSON. Skripti inaamka, inasoma mlangoni, inafanya kazi, inatoa jibu. Sheli haioni chochote cha kufasiri.

Bado hayakuisha. Safari hii skripti ilipokea neno barabara, ikalipata, na ilipotaka kulitoa jibu lenye herufi za Kiarabu ikafa papo hapo. Kwenye Debian na Ubuntu, Apache huanzishwa ikiwa na LANG=C katika mazingira yake, na mtoto hurithi ya mzazi. Python yangu ilikuwa 3.5. Ikaangalia mazingira, ikaamua kwamba kwenye nyumba hii watu wanaongea ASCII, ikakataa kuchapisha kitu kingine. Malalamiko yake ikayapeleka kwenye mlango wa tatu, ambao exec hausomi, basi yakaishia kwenye daftari la makosa la Apache, mahali ambapo sikuwa na mazoea ya kuchungulia. Tangu Python 3.7 ya mwaka 2018 hali hiyo imerekebishwa: ikikuta "C" inahamia UTF-8 yenyewe. Lakini mimi napenda zaidi jibu nalo lirudi kwa JSON, kwa sababu PHP na Python zote mbili, usipoziambia vingine, huandika herufi zisizo za ASCII kwa namba zake. Kinachopita njiani kinakuwa ASCII tupu, na mpangilio wa lugha wa seva hauna tena la kuharibu.

Kwa hiyo leo anayeniuliza namwambia hivi. Tumia proc_open, na amri uiandike kama orodha, si kama mstari wa maandishi. Tangu PHP 7.4, iliyotoka Novemba 2019, ukiipa orodha inaiendesha programu moja kwa moja bila kupitia sheli. Ukiwa na toleo la zamani zaidi ya hapo tatizo lako kubwa si skripti, ni toleo. Yangu inaonekana hivi:

['timeout', '10', '/srv/tenzi/venv/bin/python3', '/srv/tenzi/tafuta.py']

Hakuna neno la msomaji humo hata moja. Anwani za faili ni kamili, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu skripti haiendeshwi tena na wewe. Inaendeshwa na mtumiaji wa seva, ambaye kwenye Ubuntu anaitwa www-data. Huyu hana njia zako za mkato, hana maktaba ulizojiwekea kwenye folda yako ya nyumbani, na pengine hana ruhusa hata ya kuingia humo. Nusu ya barua ninazopata zinasema "kwangu inafanya kazi, kwenye tovuti haifanyi". Nazijibu kwa swali moja: umeijaribu kwa jina la nani?

Hiyo *timeout* ya mwanzo wengi huiona ya ziada. PHP ina ukomo wake wa muda, watasema. Unao, ila kwenye Linux ukomo huo hauhesabu muda ambao PHP imekaa ikisubiri programu ya nje. Skripti ikikwama, ombi linakwama nalo, na yakikwama ya kutosha tovuti nzima inasimama. Amri ya *timeout* inaiua skripti baada ya sekunde kumi, kwisha.

Kuna mtego mwingine kwenye proc_open ambao unawapata hata wazoefu. Milango ina upana wake: kwenye Linux bomba la kawaida linabeba kilobaiti 64. Tuseme skripti imeandika malalamiko mengi na wewe unasoma mlango wa majibu peke yake. Bomba la malalamiko likijaa, skripti inasimama kungoja ulipunguze, na wewe umesimama kungoja majibu. Ni kama mabwana wawili wastaarabu mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia wewe. Ama soma yote mawili kwa zamu, ama, kwa urahisi zaidi, elekeza mlango wa malalamiko kwenye faili. Mimi nimeuelekeza kwenye faili, na sasa ninalisoma kila Jumapili.

Na programu inapomaliza huacha namba. Sifuri maana yake imekwenda salama, nyingine yoyote maana yake kuna jambo. Kosa langu kubwa tangu mwanzo halikuwa ritifaa wala herufi. Lilikuwa kwamba nilichanganya "nimetafuta sikuona" na "sikuweza kutafuta". Msomaji alipewa jibu moja kwa mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Sasa namba isipokuwa sifuri, au JSON isiposomeka, tovuti inasema: "Samahani, mashine yetu imeshindwa kutafuta, si neno lako."

Suala la mwendo nalipitia haraka. Kuamsha Python kwa kila ombi si ghali sana, lakini kupakia orodha kubwa ya maneno kila mara ni ghali. Wasomaji wangu walipoongezeka niliigeuza skripti ikawa huduma inayokaa macho muda wote, inasikiliza kwenye 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya mashine yenyewe, na PHP inaiuliza kama inavyouliza tovuti nyingine yoyote. Orodha inapakiwa mara moja. Na kama kazi ni ndefu, kwa mfano kuchambua utenzi mzima, usimfanye msomaji asubiri ukurasa: andika ombi lake kwenye jedwali la kazi, skripti ya pembeni ichukue moja moja, naye aje kuchungulia baadaye. Wale walio kwenye seva za kuchangia, kabla hamjaanza lolote angalieni kwanza kama exec na ndugu zake zimezimwa kwenye disable_functions. Mara nyingi zimezimwa, na kwa yote niliyoyasema hapo juu siwalaumu waliozizima.

Vijana huniuliza pia kuhusu Pyodide, mradi ulioanzia Mozilla mwaka 2018, ambao unaiendesha Python ndani ya kivinjari cha msomaji mwenyewe. Ni kitu kizuri, na hatari ya seva inaondoka. Lakini msomaji anapakua megabaiti kadhaa kabla ya neno la kwanza, na yule mzee wangu anatumia bando la simu ya mjukuu. Kwake yeye nimeona afadhali seva ichoke.

Nilimjibu siku ileile nilipopata dawa. Nikampelekea neno lake na yale mengine sita, matano yakiwa na maana zake. Mawili ya mwisho hayamo kwenye orodha yangu kweli, na safari hii mashine ilikuwa imetafuta. Akaniandikia maana zake yeye mwenyewe, na nimeziingiza.

Tangu hapo, kila ninapogusa chochote kwenye seva, ninajaribu vitu vinne kabla sijafunga kompyuta: *ng'ombe*, neno la babu wa yule mzee kwa herufi zake, sanduku tupu, na *pamba; echo mwizi*. La mwisho hilo likinirudishia neno *mwizi* peke yake, silali.